Kifuko cha Tisa

Hapana, hatukuchagua. Mtu akikuambia askari wa mwavuli anachagua mwavuli wake kama anayechagua ndizi sokoni, huyo hajawahi kuruka kutoka kwenye ndege. Miavuli inapangwa mistari, unapita, unapewa unaofuata, unavaa. Umekunjwa na nani, haikuhusu. Ndiyo sheria, na ilikuwa na sababu yake, maana wakunjaji walikuwa wasichana wanne na warukaji tulikuwa vijana thelathini na sita, na kila mmoja angetaka wake ukunjwe kwa upendo kuliko wa mwenzake.

Mimi jina langu Nikodemu, mtoto wa Hhando, Mmbulu wa huku huku Karatu. Shule niliishia la nne. Kusoma nasoma, kuandika naandika pole pole, lakini kuruka nilikuwa naruka vizuri, hata kapteni alisema.

Mwaka ulikuwa sabini na tisa, mwezi wa pili. Vita ya Kagera imeshapamba moto. Sisi tulikuwa tumewekwa kwenye shamba la ngano juu ya Karatu, njia ya kwenda Oldeani, tukafanya ghala la ngano kuwa stoo ya miavuli. Asubuhi baridi, ukungu unashuka kutoka Ngorongoro mpaka humuoni mwenzako. Mchana upepo na vumbi jekundu. Siku nyingine tunatembezwa na mizigo kule msitu wa juu, ukingoni mwa kreta, nyati wakitukimbiza, mimi nimepanda mti na kilo thelathini mgongoni, mpaka leo sijui nilipandaje. Haya, hiyo ni hadithi nyingine.

Tulichojua ni hiki: siku moja tutashushwa nyuma ya adui, kwenye daraja, tulishike mpaka wenzetu wa miguu watufikie. Daraja gani, mto gani, hatukuambiwa. Kapteni wetu, Elimringi, Mchaga mmoja mfupi asiyecheka, alisema, "Mtaambiwa mkiwa juu. Mkiambiwa chini mtawaandikia mama zenu."

Basi. Bibiana nilimuona mara ya kwanza nikiwa nimechana mwavuli.

Upepo ulinibeba nikatua kwenye miiba. Nikaukusanya, nikaupeleka stoo umeviringwa kama shuka la mgonjwa. Pale mlangoni amesimama msichana mrefu, mwembamba, nyusi amezikunja. Akaangalia ile nguo, akaniangalia mimi kuanzia kichwani mpaka buti, akarudi kwenye nguo.

"Umeruka au umeburuzwa na fisi?"

"Nimeruka."

"Fisi angeutunza vizuri zaidi."

Akauchukua, akageuka, akaenda zake. Sikulala vizuri siku hiyo. Sio kwa sababu ya miiba.

Sasa kuongea nao tulikatazwa. Sajenti wao, Lukresia, mwanamke wa Singida ana sauti kama tarumbeta, akikuona umesimama karibu na mlango wa stoo anakuuliza unatafuta nini, na hata ukisema unatafuta kivuli anakuonyesha mti mwingine. Lakini kulikuwa na kadi. Kila mwavuli una mfuko mdogo ubavuni, na ndani ya mfuko kuna kadi. Mkunjaji akimaliza anaandika tarehe na jina lake. Nikaona jina: Bibiana Sebastiani. Mwandiko mzuri, umelala upande mmoja kama ngano kwenye upepo.

Nikachukua penseli, nyuma ya kadi nikaandika: SAMAHANI KWA KUCHANA. Nikarudisha mwavuli, maana kadi iliyotumika inarudi kwa aliyeiandika.

Wiki nzima nikaruka na miavuli ya wengine. Siku ya nane nikapata wake tena, nikatoa kadi kabla hata sijasimama vizuri chini. Nyuma ameandika: "Umesamehewa. Ukitua kunja magoti."

Ndivyo tulivyoanza. Sikuwahi kumshika mkono. Nilimuona kwa mbali akianika nguo za miavuli kwenye kamba, naye ananiona, anainamisha macho, halafu anainua tena aone kama bado naangalia. Nami bado naangalia. Mengine yote tuliyasema kwenye kadi, neno moja leo, neno lingine baada ya siku tano. Nikajua ni Mnyaturu, baba yake kibarua wa shamba la kahawa Oldeani. Nikajua kaka yake, Simoni, ameenda vitani tangu mwezi wa kumi na moja na barua haijaja hata moja. Akajua mimi nina mama mzee na ng'ombe wanne.

Mwisho nikaandika: NIKIRUDI UTAKUBALI NIKUOE?

Jibu likaja baada ya siku sita. "Baba hataki askari. Ana askari mmoja tayari anamnyima usingizi. Kuna dereva wa trekta, watu wao wanakuja Jumapili. Na wewe usiniulize jambo kubwa hivi kwenye karatasi ya serikali."

Rafiki yangu Eliamani, koplo, Mmeru, nilimsomea. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Dereva wa trekta ana gurudumu, wewe una shuka. Nani atakupa binti?"

"Hajasema hataki yeye. Amesema baba hataki."

"Muulize tena basi."

Nikauliza tena. NIKUULIZE WAPI? WEWE MWENYEWE UNASEMAJE? Hiyo ilikuwa Jumanne. Jumatano tukaambiwa tayari. Miavuli yote thelathini na sita ikunjwe kwa safari yenyewe, Ijumaa saa kumi na mbili jioni lori linatuchukua kwenda kwenye ndege.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga, na sitauficha.

Alhamisi mchana niliwekwa zamu ya kulinda stoo. Wasichana wamemaliza, wameenda kufua. Miavuli imepangwa chini, mistari minne, kila mmoja na kadi yake. Nikawaza: jibu langu limo humu ndani, kwenye mmojawapo, na kesho naondoka. Nikapewa wa mtu mwingine je? Nitakwenda nyuma ya adui bila kujua? Nikapiga magoti, nikaanza kutoa kadi. Nazitoa, nasoma, naziweka chini. Bibiana, sio yenyewe. Antonia, sio. Bibiana, nyuma hakuna kitu. Nimefika kadi ya ishirini na kitu nasikia buti za Lukresia kwenye kokoto.

Nikazikusanya zote, nikazirudisha mbio mbio, mfuko wowote kadi yoyote. Alipoingia nimesimama wima kama mlingoti.

"Vipi humu?"

"Salama, Sajenti."

Na jibu sikuliona.

Ijumaa saa tatu asubuhi tumeketi nje ya ghala, mistari, miavuli iko miguuni kwetu, kapteni anatukagua buti. Nikamuona Bibiana anatoka mlangoni. Anatembea kama mtu anayekwenda kuungama. Akampita Lukresia, akamfikia kapteni, akasimama mbele yake.

"Afande, naomba kusema."

"Sema."

"Vifuko vyangu viko vinane."

Watu wote wakageuka. Wewe huwezi kujua, ngoja nikueleze. Mwavuli unakunjwa kwenye meza ndefu, na kwa kuwa ghala lile lilikuwa na upepo, ile nguo inakandamizwa na vifuko vidogo vya mchanga ili isipeperuke. Kila meza ina vifuko tisa. Ukimaliza mwavuli mmoja unavitoa, unavipanga ukingoni, unavihesabu: tisa. Ndipo unaandika jina. Kifuko kikibaki ndani ya mikunjo, mwavuli unaweza usifunguke. Na mtu yuko chini yake.

Kapteni akaacha kukagua buti.

"Tangu lini?"

"Nimehesabu jana jioni tuliporudi kufunga meza, nikapata vinane. Nikadhani kimeanguka. Nimetafuta jana, nimetafuta leo tangu alfajiri, chini ya mbao, kwenye ngano, kila mahali. Hakipo, Afande."

"Hukuwa unahesabu kila mwavuli?"

"Juzi nilihesabu yote. Jana ya mwisho mitatu minne... sikumbuki. Nilikuwa nalia. Baba ametuma mtu kwamba anakuja kunichukua leo. Nilikuwa nalia, sikumbuki kama nilihesabu."

Lukresia akafumba macho. Alimpenda yule binti, lakini sajenti ni sajenti.

Kapteni akasema, "Haya. Umekunja mingapi?"

"Tisa."

"Leteni miavuli tisa yenye kadi ya Bibiana. Tunafungua hiyo tisa, inakunjwa upya, saa nane tumemaliza. Sio mwisho wa dunia."

Watu wakaanza kuinama kutafuta kadi. Nikaona Eliamani anatoa yake anasoma: "Antonia." Anapumua. Mwingine anasema, "Mimi Bibiana," anausukuma mbali kama nyoka.

Na mimi peke yangu nilijua kwamba zile kadi hazisemi kweli. Huyu anayepumua labda ndiye. Huyu anayeogopa labda wake ni mzima. Nikafikiria: nikisema, nitafungwa. Nikinyamaza, mwenzangu mmoja atashuka kama jiwe, na lawama itamkaa Bibiana maisha yake yote, au itamkaa Antonia asiye na kosa. Sikufikiria zaidi ya hapo. Nikasimama.

"Afande, kadi nimezichanganya mimi."

"Nini?"

"Jana nikiwa zamu. Nilitoa kadi nikarudisha ovyo. Haijulikani sasa ipi ni ya nani."

Kapteni akaja mpaka pua yake inagusa kifua changu, maana nimeshasema alikuwa mfupi.

"Ulikuwa unatafuta nini kwenye kadi, Hhando?"

"Jibu, Afande."

"Jibu la nini?"

Nikaangalia buti zangu. Eliamani nyuma yangu anakohoa kikohozi cha mtu anayebana kicheko. Lukresia akaja na kadi moja mkononi, ameitoa kwenye mwavuli uliokuwa karibu. Ameipindua, ameona nyuma kuna penseli. Akampa kapteni. Kapteni akasoma kwa sauti, na ile sauti yake ya kusoma orodha ya mishahara: "Nikuulize wapi. Wewe mwenyewe unasemaje."

Chini hakuna kitu. Hajajibu.

Vijana wote thelathini na watano wakaniangalia mimi, halafu wakamwangalia Bibiana. Bibiana uso umewaka. Na hapo hapo, kama vile siku haijatosha, mlinzi wa lango anakuja na mzee mmoja amevaa koti kuukuu la mvua, fimbo mkononi, kofia ameishika kwa adabu.

"Afande, huyu mzee anasema amekuja kumchukua binti yake."

"Shikamoo, mzee," kapteni alisema.

"Marahaba. Mimi naitwa Sebastiani. Bibiana ni wangu."

Alikuwa amesikia. Alikuwa amesimama pale langoni wakati kadi inasomwa. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa anatuangalia mmoja mmoja, anatafuta ni yupi.

Kapteni akarudisha ile kadi kwa Lukresia. Akasema, bila hasira, kama mtu anayepanga kazi ya shamba: "Inafunguliwa yote. Thelathini na sita. Inakunjwa upya yote. Lori linaondoka saa kumi na mbili, na litaondoka. Sajenti, inawezekana?"

"Meza nne, kila meza miavuli tisa. Tukipata watu wa kushika upande wa pili, na watu wasiongee, na watu wasile, inawezekana."

"Hakuna atakayekula mpaka wa mwisho umefungwa. Hhando, wewe hutashika meza yoyote. Wewe utabeba. Unatoa hapa, unapeleka pale, unarudi. Ukirudi salama kutoka huko tunakokwenda, nitakufunga siku kumi na nne."

"Ndiyo, Afande."

"Na wewe binti. Ungenyamaza ningezika mtu. Nenda kwenye meza yako."

Bibiana hakusogea. Alimwangalia baba yake.

"Baba, siwezi kwenda sasa. Mpaka nimalize."

"Nimekuja kwa miguu tangu alfajiri."

"Najua, baba."

"Mama yako anasubiri. Jumapili kuna wageni, wewe unajua."

"Najua. Lakini nimeacha kitu ndani ya nguo ya mtu. Siwezi kukaa na wageni nikiwa nimeacha kitu ndani ya nguo ya mtu."

Mzee akageukia kapteni. "Hii kazi hawezi kufanya mwingine?"

"Meza ni nne, mzee, na wakunjaji ni wanne. Nikitoa mmoja, lori linaondoka na watu wachache. Wewe ama ukae pale langoni ungoje, ama ushike kamba. Meza ya binti yako haina wa kushika upande wa pili, maana yule aliyekuwa anashika ana homa."

Nilidhani atakaa langoni. Yule mzee akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati. Mikono ya kibarua wa kahawa, ina makovu kwenye vidole vyote. Akaingia ghalani.

Kazi ikaanza. Vuta pini ya kufungia, fungua, tandaza. Miavuli ikajaa sakafuni kama maziwa yamemwagika. Mimi nabeba. Nachukua mmoja, napeleka meza ya Antonia, narudi. Nachukua mwingine, napeleka meza ya mwisho, kwa Bibiana. Nafika pale, naweka, siongei. Mzee Sebastiani yuko upande wa pili wa meza, amezishika kamba kama mtu anayemshika ng'ombe wa mtu.

"Zivute zaidi, baba. Zisilegee."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo."

Halafu nasikia, "Na hii ndiyo inamzuia mtu asianguke?"

"Ndiyo, baba."

"Hizi nyuzi?"

"Hizo nyuzi na hiki kitambaa. Na mikunjo."

"Simoni naye anayo?"

"Simoni hana, baba. Simoni anatembea kwa miguu."

Mzee akavuta kamba. Mimi nimesimama pale na mwavuli mkononi, sijui niuweke au niende. Akaniangalia kwa mara ya kwanza macho kwa macho.

"Weka hapo," alisema. "Mbona unasimama? Mwenzio anafanya kazi."

Saa sita ikapita. Harufu ya maharage kutoka jikoni inaingia kupitia dirishani, na nyama ya mbuzi iliyoletwa na Mmasai mmoja rafiki yetu, Tobiko, kwa ajili ya kutuaga. Tumbo linalia. Hakuna anayesogea. Lukresia anatembea katikati ya meza, mikono nyuma. Kila mwavuli ukiisha, mkunjaji anapanga vifuko ukingoni na Lukresia anavihesabu yeye mwenyewe kwa kidole. "Tisa. Andika." "Tisa. Andika." Meza ya Bibiana anasema, "Nane. Andika."

Kufikia saa nane hakijapatikana. Kila anayefungua anapapasa nguo kwa viganja, inchi kwa inchi. Hakuna. Nikaanza kusikia vijana wananong'ona kwamba labda kweli kilianguka, labda panya wamebeba. Bibiana hakusema. Anakunja. Midomo imekauka.

Kilipatikana saa nane na nusu, na hakikuwa kwenye mwavuli wenye kadi yake. Alikuwa Eliamani mwenyewe, anatandaza ule aliokuwa amepewa asubuhi, ule aliopumua aliposoma Antonia. Akaweka kiganja, akasimama. Akapapasa tena. Akaingiza vidole viwili kwenye mkunjo wa katikati kabisa, pale pa kufungukia, akatoa kifuko cheusi, kidogo, kama andazi.

Aliketi sakafuni palepale, juu ya nguo nyeupe, anakiangalia mkononi. Eliamani, mtu ambaye hakunyamaza hata usingizini.

Bibiana aliacha meza, akaja akapiga magoti mbele yake.

"Koplo, nisamehe."

Eliamani akamkabidhi kile kifuko kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa kitu kwa mkubwa.

"Shika chako, dada. Usikipoteze tena, mimi nina watoto wawili." Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. "Na wewe Nikodemu. Ungekaa kimya asubuhi..."

Hakumaliza. Sikutaka amalize.

Kapteni alikuwa mlangoni. "Endeleeni. Iliyofunguliwa haijikunji."

Miavuli kumi na mbili ilikuwa bado. Nikabeba. Nikafika meza ya mwisho na ule wa Eliamani wenyewe. Nikauweka, nikajua sitapata nafasi nyingine. Lukresia yuko meza ya kwanza. Mzee Sebastiani yuko upande wa pili, kamba mkononi, lakini nimeshaona kwamba kumkwepa huyu mzee haiwezekani tena. Kama ni kusikia, asikie.

"Bibiana."

"Usiniongeleshe, nahesabu kamba. Tano, sita."

"Ulisema nisikuulize kwenye karatasi ya serikali."

"Nane, tisa, kumi."

"Nakuuliza kwa mdomo. Hapa, mbele ya baba. Saa kumi na mbili naondoka, na sijui kama nitarudi, sitakudanganya. Kama nikirudi, utakubali?"

"Kumi na nne, kumi na tano." Hakuinua macho. Vidole vyake vinapita kamba moja baada ya nyingine, anazigawa kushoto na kulia. "Kumi na nane, kumi na tisa, ishirini, ndiyo, ishirini na moja, ishirini na mbili..."

"Bibiana!" Lukresia anapiga kelele toka huko. "Nimesikia nini hapo?"

Nilidhani dunia imesimama. Mzee Sebastiani akazivuta kamba kidogo, akasema taratibu, "Anza upya, mama. Kamba ni ishirini na nane. Na hilo neno usilihesabu humo."

Bibiana akaanza upya. Moja, mbili, tatu. Machozi yanamdondoka lakini anahesabu, na safari hii alifika ishirini na nane bila neno la ziada. Na mimi nikarudi kubeba. Mzigo niliobeba mchana ule sikuusikia.

Mwavuli wa mwisho ulifungwa saa kumi na moja na robo. Lukresia akahesabu vifuko vya meza ya Bibiana mara mbili. "Tisa. Andika." Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo nilisikia sauti yake ikiwa ya chini.

Tukatoka nje. Jua limeshuka upande wa Oldeani, upepo umetulia. Wapishi wamepoa kama chakula chao. Ugali umekuwa mgumu kama tofali, maharage yamepashwa moto mara ya tatu, nyama ya Tobiko imeungua upande mmoja. Wanapakua kwenye sinia, sinia moja watu sita.

Mzee Sebastiani alikuwa ananawa uso kwenye pipa. Nikamfuata. Nikavua kofia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alijifuta kwa kiganja. "Wewe ndiye Mmbulu wa kadi."

"Ndiye mimi."

"Una baba?"

"Alishafariki. Nina mama, na mjomba."

"Mjomba wako ana miguu?"

"Anayo."

"Basi anajua njia ya Oldeani. Mambo haya yanasemwa na watu wazima, wamekaa kwenye viti. Hayasemwi na mtu amebeba mzigo."

"Mimi naondoka leo, baba."

"Nimesikia. Siku nzima nimeambiwa saa kumi na mbili, saa kumi na mbili." Akachukua koti lake msumarini, hakulivaa, akaliweka begani. "Mimi nilikuja hapa kumtoa. Nilisema, vita imemchukua Simoni, haitamchukua na huyu. Sasa nimeshika kamba toka asubuhi, mikono inauma. Nimemuona anavyofanya. Siwezi kumtoa. Kila mmoja wa hawa vijana ana mzee mahali, kama mimi."

Nikageuza kofia mkononi.

"Wale wa Jumapili nitawaambia wasije," alisema. "Lakini usidhani nimekupa. Sijakupa. Nimewazuia tu."

"Asante, baba."

"Usinishukuru. Rudi. Ukirudi mlete huyo mjomba. Usiporudi..." Akatikisa kichwa, akakata maneno. "Mama yako anaitwa nani?"

"Elizabeti."

"Yuko wapi?"

"Hapa hapa Karatu, nyuma ya soko la ng'ombe."

"Nitapita kwake kabla sijarudi. Nimwambie nimekuona, na kwamba unakula." Akanitazama juu chini, kama binti yake alivyonitazama siku ile ya miiba. "Unakula, lakini?"

"Leo bado."

"Haya, twende."

Bibiana alikuwa anapita na birika na beseni, ananawisha watu. Akamnawisha kapteni, akamnawisha baba yake. Akafika kwangu. Maji yalikuwa ya vuguvugu. Akamimina pole pole kuliko kwa wengine wote, mpaka Eliamani akasema, "Dada, huyo ameshatakata, sisi wengine tunakufa njaa," na vijana wakacheka, hata Lukresia akacheka, na Bibiana akacheka huku amegeuza uso. Sikumwambia neno. Alikuwa ameshasema.

Kapteni alikuwa bado amesimama na saa yake mkononi. "Dakika arobaini," alisema. Halafu akaangalia kundi lote lile, watu wamesimama na mikono yenye maji, hakuna anayeanza kabla yake. "Mnangoja nini? Kaeni."

Mzee Sebastiani akakaa kwanza, kwenye gunia la ngano, akasogea upande, akapiga pale pembeni kwa kiganja bila kuniangalia. Nikakaa. Eliamani akakaa mbele yangu, Lukresia akakaa na wasichana wake, kapteni akakunja magoti akakaa chini kama sisi. Mzee akamega tonge la ule ugali mgumu, akachovya. Tukala.